Mume wangu ananiletea uji, mwalimu mwenzangu ananitumia nyimbo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 36. Kwetu ni Nakuru lakini nimeolewa Mombasa, na tuna binti mmoja wa darasa la pili. Mume wangu ana duka la hadiwea huku Bamburi. Ni mtu wa kazi, si wa maneno mengi, na sijawahi kujuta kuolewa naye. Naanza na hilo ili usije ukanisoma vibaya huko mbele.

Mwezi wa Juni nilianza kukohoa, nikasingizia vumbi la chaki. Kufikia Julai nilikuwa natoka jasho usiku mpaka shuka zinalowa, na sketi zangu zote zinanipwaya. Nikapimwa makohozi, ikawa TB. Dawa nilianza wiki hiyohiyo. Waliopitia wanajua: miezi miwili ya vidonge vyenye dawa nne ndani yake, halafu miezi minne ya dawa mbili, na mkojo unaobadilika rangi mpaka uutazame mara mbili. Mtoto alipelekwa kwa bibi yake wiki za mwanzo. Mume wangu akahamia kochi la sebuleni. Madirisha yakafunguliwa yote, nami nikabaki chumbani na simu.

TB ina aibu yake, Shangazi. Walimu wenzangu walituma pole kwenye kundi la WhatsApp, lakini mlangoni hakufika mtu. Wifi yangu alikuwa akisimama kwenye ngazi na kuniuliza hali kwa sauti ya juu, majirani wote wakajua nimeamkaje. Hata daktari aliposema sasa siambukizi tena, watu hawakurudi.

Aliyenikumbuka kila siku ni mwalimu wa fizikia niliyefundisha naye zamani, ambaye siku hizi yuko Eldoret. Aliachana na mkewe, analea watoto wake wawili. Katika chumba cha walimu sisi wawili tu ndio tuliokuwa tukipenda roki. Mimi niliipata kwa kaka yangu, aliyekuwa akikesha kurekodi kanda kutoka redio ya Nairobi. Yeye aliipata chuoni. Aliposikia naumwa hakuniuliza naumwa nini wala nimeambukizwa na nani. Alinitumia wimbo, na chini yake akaandika kwamba Neil Young alitunga nyimbo tatu za albamu yake ya 1969 kwa siku moja, akiwa kitandani na homa kali. "Wewe umetunga ngapi?" Nilicheka mpaka nikakohoa.

Ikawa desturi. Yeye anatuma, mimi namrudishia. Yeye ni mtu wa roki ya zamani: Pink Floyd, The Kinks, Fleetwood Mac. Mimi ni wa bendi ndogondogo zinazojitegemea, hizi za indi. Nilimtumia Belle and Sebastian wa Glasgow, nikamweleza kwamba mtunzi wao, Stuart Murdoch, alikaa miaka kama saba na ugonjwa wa uchovu usiokwisha, hawezi kazi, na ni katika miaka hiyo alipoanza kutunga. Nilimtumia Bon Iver, yule Justin Vernon aliyejifungia majira ya baridi kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin, bendi imevunjika, mapenzi yamevunjika, ini linauma, akatoka na albamu. Nikawa nawakusanya wagonjwa. Kila niliyempata nilijiona nimepata mtu wa wodi yangu.

Hakuna neno la mapenzi katika mazungumzo yetu. Hakuna picha, hakuna "mpenzi", hakuna "nimekumisi". Ni nani anapiga besi, kwa nini drams zinachelewa, toleo la studio au la jukwaani. Kwa kawaida huwa tunaongea baada ya saa nne usiku, kwa kuwa mume wangu hulala mapema ili awahi duka, na sipendi kumsumbua na kelele. Navaa hedifoni.

Mume wangu ni mtu wa taarabu. Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, basi. Muziki wangu haupendi. Mara moja tu, mwaka tuliooana, alinikuta nasikiliza Bohemian Rhapsody ya Queen, akasikia "Bismillah" katikati ya wimbo, akaja kuniuliza kama mwimbaji ni Mwislamu. Nikamweleza kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na kwamba familia yake ni Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta. Alishangaa, akacheka, na hapo ndipo tulipoishia. Hatujazungumza tena juu ya muziki wangu.

Sasa kisa chenyewe. Mwezi uliopita mwalimu alinitumia Layla, ule wimbo wa 1970 wa Derek and the Dominos. Mimi nilikuwa naoga, simu iko mezani. Mume wangu aliona jina. Laila na Majnuni, wale wapenzi wa kisa cha kale, anawajua tangu utotoni, kwa hiyo akatafuta kwenye simu yake wimbo huo unahusu nini. Nilipotoka alikuwa amekwisha kusoma: kwamba Eric Clapton aliutunga kwa sababu ya Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison wa Beatles. Na jina alilichukua katika kisa kilekile cha Majnuni.

Hakupiga kelele. Aliweka bakuli la uji juu ya stuli, akasema: "Mimi nakuletea uji, yeye anakuletea nyimbo. Ukipona utamshukuru nani?" Akaenda dukani.

Nilimweleza jioni kwamba wimbo ule nilitumiwa kwa ajili ya piano. Una dakika saba, na nusu yake ya pili yote ni piano na gitaa bila neno hata moja. Ndiyo sehemu tuliyokuwa tukibishania. Akanijibu, "Sawa." Tangu siku hiyo kila ninalosema ni sawa. Uji bado analeta.

Niko mwezi wa tano wa dawa, na Januari narudi darasani. Mwalimu atashuka Pwani na watoto wake likizo hii ya Desemba. Ameomba apite nyumbani kunijulia hali na kuniletea santuri ya Rumours ya Fleetwood Mac aliyoiokota Nairobi, ingawa sina hata chombo cha kuipigia. Sijamjibu. Wifi anasema nifute namba yake na niachane na nyimbo za mashetani. Rafiki yangu anasema nikiacha nitakuwa nimekiri kosa ambalo sikulifanya. Mimi ninachojua ni kwamba bila zile nyimbo ningeugua vibaya zaidi.

Niache? Niendelee? Aje, asije?

Mgonjwa anayepona, Bamburi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Miezi mitano ya vidonge si mchezo.

Umeniuliza maswali matatu ya mwisho kwa haraka, lakini barua yako haikukaa huko. Imekaa chumbani, kwenye madirisha wazi na mlango usiobishwa hodi. Nimekusoma hivi: uliugua ugonjwa unaowafanya watu wakae mbali, mtu mmoja akapata njia ya kuwa karibu bila kukaribia, mtu mwingine akakaribia kweli, na sasa yule aliyekaribia amekuwa wa "sawa" tu. Wewe unahisi umewekwa katikati kuchagua, na hujui ni kwa kosa gani.

Kabla sijaandika nilizitafuta nyimbo ulizozitaja nikawa nazisikiliza jioni nikimenya viazi. Mjukuu wangu aliuliza nimepatwa na nini. Wale wa Glasgow nimewapenda. Wanaimba kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha jirani. Layla nimeisikiliza yote. Ile piano ya mwisho ni nzuri kama unavyosema, na ninaamini kwamba mnaweza kubishana juu yake siku nzima. Lakini kabla ya piano kuna dakika tatu za mwanamume anayelia akiomba apunguziwe mateso, na sikuhitaji mkalimani kuyasikia. Aliyekutumia hakuzikata dakika hizo.

Unasema mumeo hauelewi muziki wako. Hapo nikuombe tutulie kidogo. Mtu aliyekulia Mombasa akisikiliza Juma Bhalo anajua jambo kuhusu nyimbo ambalo labda wewe na mwalimu mnalichukulia juujuu: kwamba wimbo hupelekwa kwa mtu. Umeolewa Pwani, bila shaka umeona ukumbini. Mwanamke anakaa kimya nyimbo nzima, kisha ubeti fulani ukifika anainuka na noti mkononi, anacheza polepole mpaka mbele, anamtunza mwimbaji hapohapo kwenye maneno hayo. Hakutaja jina la mtu. Aliyekusudiwa amejua, na meza zote zimejua. Mumeo amekulia ndani ya masikio hayo. Alipoona Laila kwenye simu yako hakuona wimbo wa roki. Aliona mtu ameinuka na noti.

Wewe masikio yako ni mengine. Ulilelewa na kaka anayekesha kurekodi kanda, na nyumbani kwenu wimbo ulikuwa kitu cha kushangaa pamoja: hebu sikia hili gitaa. Anayekupa wimbo kwa namna hiyo hakusemi wewe wala hajisemi yeye. Nayaheshimu masikio hayo, na sidhani mumeo amewahi kuelezwa kwamba yapo. Ulipomweleza habari za piano, kwake ilikuwa sawa na mtu aliyekutwa na kanga yenye jina baya akasema aliipendea rangi. Yawezekana kweli aliipendea rangi! Lakini jina limekwisha kusomwa.

Isitoshe, hata huko kwenu kwenye roki mipasho ipo. Hiyo santuri unayotaka kuletewa, Rumours, ilitoka 1977, na nimesoma ilivyotengenezwa. John na Christine McVie ndoa yao ilikuwa imekwisha, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks walikuwa wameachana, na wote bado wako bendi moja, studio moja. Buckingham akatunga Go Your Own Way akimsema Nicks, na Nicks akasimama akaitikia kwenye wimbo unaomsema yeye mwenyewe. Mwanangu, hiyo ni taarabu, hata kama imerekodiwa California.

Kwa hiyo mwalimu wako ana masikio gani? Sijui, nawe hujui. Huenda ni mtu mpweke aliyepata mwenzake wa kuzungumza naye jambo analolipenda, na Layla ilikuwa zamu yake tu baada ya wimbo mwingine. Huenda aliuchagua akijua. Huenda aliuchagua bila kujua kwamba anajua, maana watu hufanya hivyo sana, na nyimbo zimewekwa duniani kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Siwezi kumhukumu mtu kwa wimbo mmoja. Alikuuliza "umetunga ngapi" wakati wengine wanaogopa pumzi yako, na hilo nitamshukuru mimi kwa niaba yako.

Na wewe je? Hili sitaki unijibu mimi. Ila kuna sentensi uliyoipitisha haraka, ile ya saa nne usiku. Umesema ni ili usimsumbue mumeo na kelele, na papo hapo ukasema unavaa hedifoni. Hedifoni hazina kelele hata saa kumi alasiri. Sisemi unaficha kitu. Nakuomba ufanye jaribio dogo kichwani: uihamishe saa hiyo, uiweke alasiri, mezani, binti yako pembeni anafanya hesabu zake, mumeo anaingia na kutoka. Nyimbo ni zilezile, maelezo ni yaleyale. Kuna kitu kinachopungua? Kama hakuna, hicho ni kitu kizuri cha kumwambia mumeo, tena kizuri kuliko piano. Kama kipo, heri ukijue ni nini kabla Desemba haijafika.

Nina dhana yangu, uikatae ukiona si kweli. Tangu Julai umekuwa mtu wa kulishwa, kupimwa uzito, kuulizwa umemeza dawa. Mumeo alikutunza vizuri mno, na katika kutunzwa huko ukawa mgonjwa saa zote. Huko Eldoret kulikuwa na mtu mmoja ambaye kila usiku alikuuliza unaonaje hili gitaa. Kwake ulikuwa bado mwalimu mwenye masikio makali. Inawezekana unachokiogopa kukipoteza si yule bwana hata kidogo, ni yule mwanamke aliyekuwa akimjibu. Kama ni hivyo, mumeo hajui kwamba alikupotezea hicho, kwa sababu alikuwa jikoni anakoroga.

Maana na yeye tumtazame. Wifi alibaki kwenye ngazi, yeye aliingia na bakuli. Alilala kwenye kochi, akamkosa mtoto wake, akafungua duka, akarudi kwenye nyumba yenye ugonjwa ambao watu wanautaja kwa kunong'ona. Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtu aliyemuuliza yeye hali, sikumwona. Hata nyimbo hakutumiwa. Swali lake la nani utamshukuru mimi nimelisikia kama la mtu aliyechoka na kuumia, ingawa sauti yake unaijua wewe. Lakini sikubaliani naye kwamba ni lazima awe mmoja. Uji si malipo ya moyo wako, na mtu akikuuguza hajanunua masikio yako. Mke anaweza kumshukuru mumewe kwa yote na bado akawa na rafiki anayejua besi inapigwa na nani. Hilo nalo anaweza kuambiwa, kwa upole, siku ambayo hajatoka dukani na mavumbi ya saruji.

Umesema hapendi muziki wako. Ushahidi ulionipa unasema vingine. Alisikia neno moja analolijua katikati ya wimbo asioujua, akaja mwenyewe, akauliza, akasikiliza jibu, akacheka. Mwaka huu tena ameona jina moja analolijua, akaenda kutafuta mwenyewe. Mara zote mbili amekuja kwa mguu wake. Mara ya pili bahati mbaya alimkuta Pattie Boyd mlangoni.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ya wifi, kufuta namba, italeta utulivu wa haraka, na wakati mwingine utulivu wa haraka ndio unaohitajika. Hatari yake ni kwamba mumeo hatajua kama umeacha au umejificha zaidi, na wewe kila ukisikia gitaa utamhesabia yeye. Mtu wa Eldoret asiyetuma tena anaweza kukua kichwani kuliko yule aliyekuwa akituma. Habari za mashetani nawaachia yeye na mchungaji au imamu wake.

Ya rafiki yako, kuendelea kama zamani kwa kuwa hukukosa, ina ukweli ndani yake. Hukukosa. Ila unaweza kuwa na haki na bado ukaishi nyumba moja na "sawa" mpaka nywele zikageuka nyeupe. Sidhani kwamba ndicho unachokitaka, la sivyo usingeniandikia.

Kuna ya kuzungumza na mwalimu wazi, kwa maneno badala ya nyimbo: kwamba mume wangu aliuona ule wimbo na umemuumiza. Sentensi moja, bila kumshtaki. Halafu usikilize anavyojibu. Akisema pole na kukuuliza afanyeje ili asivuruge nyumba yako, umejua una rafiki wa namna gani. Akimcheka mumeo kwamba haelewi muziki, hapo pia umejua kitu. Hatari ni kwamba anaweza kukujibu jambo ambalo hukutaka kulisikia, na likishasemwa halirudi kuwa wimbo. Au mkabaki mnaogopana na kila mkituma mnasoma maneno kwanza. Uwe tayari kwa hilo.

Na kuna ya kuzungumza na mumeo, ambayo unadhani umekwisha kuifanya. Ulimtetea wimbo, lakini sidhani alikuwa akiuliza habari za wimbo. Labda ungemwacha yeye aanze: alisikia nini, anaogopa nini. Labda ungemwambia ile ya chumbani na madirisha wazi kama ulivyoniambia mimi, maana nina shaka kama yeye anaijua. Alikuwa upande wa pili wa mlango. Akikubali, akupigie kwanza wimbo wa Juma Bhalo ambao angependa uusikie, akueleze umefumba nini, kisha wewe ndiyo uje na wako. Lakini hata hili lina hatari. Linaweza kuonekana ni mchezo wa mtu aliyebanwa. Anaweza kukaa pale anasikiliza roki kwa adabu, kama mzazi kwenye mkutano wa shule, akaondoka na "sawa" nyingine. Usivunjike moyo kwa jioni moja. Ila ikitokea "sawa" imegeuka kuwa kunyang'anywa simu, kufuatiliwa, au kukatazwa watu, hiyo ni barua nyingine kabisa, na usingoje kuiandika. Mwambie pia mtu mzima wa kwenu unayemwamini.

Kuhusu Desemba, ninachokiogopa zaidi si yeye kuja wala kutokuja. Nachelea mkutane mahali pengine kimyakimya "ili mume asiumie". Hilo ndilo litakaloipa Layla maana yake ya kwanza hata kama nyote wawili mlikuwa na piano tu mioyoni. Akija mchana na watoto wake, mumeo akiwa ameulizwa mapema kwa swali la kweli ambalo "hapana" inaruhusiwa, huo ni ugeni. Akisema hapana, mwalimu ni mtu mzima, atafahamu, na santuri inaweza kutumwa kwa basi. Na kama wewe mwenyewe, baada ya lile jaribio la alasiri, utaona heri asije mwaka huu, huhitaji kumsingizia mumeo.

Mumeo akiendelea kusoma kwenye simu yake atakuta mengine. Pattie na Harrison waliachana 1977, akaolewa na Clapton 1979, na Harrison alikwenda kwenye sherehe ya arusi hiyo na kupiga gitaa. Ndoa hiyo ya pili nayo haikudumu. Kila mtu atachota hapo kisa anachokitaka, wewe, mumeo na mwalimu. Mimi ningependa msichote chochote. Wale walikuwa na maisha yao na pesa zao. Nyinyi mna duka, mtoto wa darasa la pili, na mwezi mmoja wa vidonge uliobaki.

Vidonge hivyo uvimalize, hata kama sasa unajisikia mzima wa kupanda mnazi, na kliniki wakikuita kupima tena makohozi uende. Pia usijilazimishe kuamua kila kitu kabla ya kurudi kazini. Ukishasimama mbele ya darasa tena, na watu arobaini wakikuita mwalimu kuanzia asubuhi, huenda ukaona zile nyimbo zina uzito gani hasa.

Niandikie Januari unipe habari. Na unitajie albamu ya wale wa Glasgow ambayo wewe ungeanza nayo. Mimi nimeanza na Tigermilk ya 1996, mjukuu anasema nimekosea mlango, na humu ndani hakuna wa kutuamua.

Shangazi